Kutunza Paa la Nyumba Katika Nchi ya Pwani

Nyumba huanza kuharibika juu. Msingi ulio imara na ukuta uliojengwa vizuri havidumu kama paa lavuja, maana maji yapitayo katika tundu dogo hulowesha makombamoyo, huozesha boriti, hulainisha udongo wa ukuta, na mwisho huharibu mahindi na mpunga uliowekwa darini. Tena, watu wengi wa Mapinga na vijiji vya jirani hukinga maji ya mvua kutoka katika mabati yao. Basi kwao paa chafu ni sawasawa na mtungi mchafu. Karatasi hii yaeleza namna ya kusafisha na kutunza paa pasipo kuvunja bati, wala kutawanya makuti, wala kujivunja wewe mwenyewe.

1. Wakati wa kufanya kazi

Pwani yetu ina mvua za namna mbili: masika, tangu Machi mpaka Mei, na vuli, tangu Oktoba mpaka Desemba. Yafaa paa likaguliwe mara mbili kila mwaka, yaani mwezi wa Februari kabla ya masika, na mwezi wa Septemba kabla ya vuli. Ukaguzi wa Februari ndio mkubwa, kwa kuwa upepo wa kaskazi huvuma kutoka baharini miezi ya jua kali, ukileta chumvi na vumbi, na hakuna mvua ya kutosha kuviosha. Usingoje mpaka maji yadondoke kitandani. Fundi hupatikana kwa urahisi wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha kila mtu humtaka yeye yule.

Kazi ifanywe asubuhi, umande ukiisha kukauka na jua likiwa halijawa kali. Bati lenye umande huteleza kama samaki, na bati la adhuhuri huchoma mikono na miguu. Siku ya upepo mwingi au ya mawingu mazito, acha kabisa.

2. Kupanda kwa salama

Kwanza, angalia nyaya za umeme. Ngazi ya chuma au mti mbichi ukigusa waya, mtu hufa mara moja. Kama waya wapita karibu na paa, usipande. Waite watu wa shirika la umeme.

Pili, simamisha ngazi juu ya ardhi ngumu, si juu ya mchanga mtupu. Chini ya miguu yake weka ubao mpana. Kipimo chake ni hiki: ukingo wa paa ukiwa na kimo cha meta 4, miguu ya ngazi iwe meta 1 mbali na ukuta. Kichwa cha ngazi kipite ukingo kwa meta 1, upate pa kushika unaposhuka. Ifungwe kwa kamba juu, na mtu mmoja aishike chini. Mtu asipande akiwa peke yake nyumbani, wala watoto wasicheze chini ya ukingo.

Tatu, kanzu ndefu, kanga iliyolegea na kandambili havifai katika kazi hii. Vaa nguo iliyobana kiasi na viatu vya mpira visivyoteleza. Mshipi wa usalama ukipatikana, utumie, na kamba yake ipite juu ya kilele ifungwe katika mti imara upande wa pili wa nyumba. Na lililo bora kuliko yote ni kutopanda pasipo haja: fagio lililofungwa katika mti mrefu hufanya sehemu kubwa ya kazi mtu akiwa bado ngazini.

3. Paa la mabati

Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ndiyo ngao yake. Huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisishikwe na kutu. Chumvi ya bahari huila zinki upesi, hasa mahali ambapo uchafu na majani hukaa na unyevu. Utashangaa kuona kwamba mara nyingi kutu huanza chini ya ukingo, upande usionyeshewa na mvua. Sababu yake ni kwamba mvua huosha chumvi ya juu, lakini ile ya chini hubaki. Basi uoshapo paa, usisahau kumwagia maji upande wa chini wa ukingo.

Kabla ya kuanza, ondoa mfereji unaopeleka maji katika tangi, ili uchafu usiingie. Fagia majani makavu, kisha osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa fagio laini na sabuni kidogo kama kuna masizi, ukianzia kileleni na kushuka. Usitumie brashi ya waya juu ya zinki iliyo nzima, wala mchanga, wala maji ya ndimu, wala dawa kali za kung'arisha. Vitu hivi huondoa ngao ile ile tunayotaka kuilinda. Saruji mbichi au chokaa ikidondoka juu ya bati, ioshe pale pale, kwa maana nayo huila zinki.

Ukilazimika kutembea juu ya bati, kanyaga penye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake pana upau. Katikati ya pau bati hubonyea. Ukisonga mbele, kagua kila msumari. Msumari uliolegea ung'olewe, na mahali pake upigwe mwingine mnene zaidi wenye mpira chini ya kofia. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde, maana maji hupita bondeni.

Doa dogo la kutu likwanguliwe mpaka chuma kionekane, lioshwe, likauke kabisa, ndipo lipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kama wakinga maji ya kunywa, usitumie rangi yenye risasi wala lami. Tundu kubwa halizibwi kwa rangi. Badili bati lile. Na ukikata mabati, fagia vipande vidogo vyote, maana vikiachwa juu hushika kutu na kuiambukiza zinki nzima.

4. Paa la makuti

Makuti ni baridi wakati wa jua, na hayapigi kelele wakati wa mvua. Lakini hayataki kukanyagwa. Yatengenezwe kutoka ngazini, au juu ya ubao mrefu uliolazwa juu ya pau na kufungwa.

Maji na yashuke upesi. Kimo cha kilele kikiwa sawa na nusu ya upana wa nyumba, mteremko watosha. Paa lililolala hubaki na maji na kuoza mapema. Kata matawi ya mwembe au mkorosho yanayoligusa, kwa sababu kivuli na majani yake huleta ukungu, nayo ni njia ya panya. Viungo vilivyooza viondolewe, na vipya vifungwe kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile iliyo chini yake.

Katika kutafuta makuti usikate majani mabichi ya mnazi ovyo. Kila shada la nazi huota katika pembe ya jani lake na kulitegemea. Mwenye kukata majani mengi hukata nazi zake. Chukua yale ya chini kabisa yaliyoanza kukauka. Tena, usichome taka karibu na nyumba ya makuti wakati wa kaskazi. Cheche moja yatosha.

5. Paa la asbesto

Baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa vigae vikubwa vya saruji yenye asbesto. Usivisugue, usivikate, usivitoboe, wala usivikanyage, kwa kuwa huvunjika ghafula, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Mwachie fundi ajuaye kazi hiyo.

6. Faida ya maji

Millimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1. Basi paa la meta 8 kwa meta 6 likipata mvua ya millimeta 20 hupokea lita 960. Hata sehemu moja katika tano ikipotea, zabaki zaidi ya lita 760, yaani madebe 38 ya lita 20. Ni safari ngapi za kisimani hizo, kwa mama na binti zake?

Lakini maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa kuwa yana mavi ya ndege na vumbi. Tangi lifunikwe, mdomo wake uwe na chujio la wavu, na maji ya kunywa yachemshwe. Mifereji isiachwe na maji yaliyotuama. Mbu hutoka katika yai hata kuruka kwa muda wa siku kama saba hadi kumi. Homa ya dengi iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 huletwa na mbu apendaye vyombo vidogo vya maji kama hivyo.

7. Paa la gari

Mwenye lori, au gari lenye chumba cha kulala, alilazalo ufukoni, afuate kanuni zizo hizo: aoshe chumvi kwa maji baridi, asisimame juu ya paa jembamba, na akague gundi ya mpira katika viungo na madirisha ya juu, maana ikipasuka maji huingia kimya kimya.

Kazi hii yote haizidi asubuhi mbili kwa mwaka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na asiyegonga msumari mmoja mwezi wa Februari, huenda akaezeka nyumba nzima mwezi wa Juni.