Tirhaka, Kandake na Koleo la Mwanaakiolojia

Maji ya Nile yanayopita Pakwach na Rhino Camp huingia Sudan Kusini pale Nimule, hupungua sana kwenye vinamasi vya Sudd, kisha hukutana na Nile ya Buluu mjini Khartoum. Kuendelea kaskazini ndiko ilikokuwa nchi ambayo Biblia inaiita Kushi. Msomaji wa Arua au Koboko anayetaka kujua akiolojia inasema nini juu ya Biblia hana haja ya kuanzia Yerusalemu. Anaweza kuufuata mto wa kwao.

Swali lenyewe si la wasomi peke yao. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na Mvara ikawa kitovu cha kazi yao. Koboko ina Waislamu wengi, na visa vya Nuhu, Musa na Firauni vinajulikana msikitini kama vinavyojulikana kanisani. Siku hizi vinafika kwa simu pia: video ya magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu, au picha ya safina mlimani Uturuki. Anayeipokea huuliza: je, sayansi imethibitisha?

Kabla ya kujibu, tahadhari moja. Kuishi kando ya mto mmoja si undugu wa damu. Hakuna uchimbaji ulioonyesha kwamba Walugbara au Wakakwa wametokana na wafalme wa Kushi. Wanubi wa Arua na Koboko nao asili yao ni askari wa karne ya 19 waliokuwa chini ya Emin Pasha, watu wa makabila mengi ya Sudan.

Vita moja, mashahidi watatu

Mwaka 701 KK, Senakeribu mfalme wa Ashuru alivamia Yuda. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18 na 19, kinasema aliteka miji yenye maboma na kumtoza mfalme Hezekia talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Kisha akapata habari kwamba Tirhaka, mfalme wa Kushi, anakuja kupigana naye. Mwishowe malaika wa Bwana aliwapiga Waashuri 185,000 usiku mmoja, na Senakeribu akarudi Ninawi.

Shahidi wa pili ni Senakeribu mwenyewe. Mwaka 1830 ulipatikana Ninawi mche wa udongo wenye pande sita, kimo chake kama sentimita 38, uliojaa mwandiko wa kikabari. Leo uko British Museum, London. Humo mfalme anajigamba kwamba ameteka miji 46 ya Yuda, amemfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni, na amepokea talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Dhahabu inalingana na ya Biblia, fedha hailingani. Hapo mwanahistoria hutulia, kwa sababu ni dalili kwamba hakuna aliyenakili kwa mwenzake. Jambo moja zaidi: Senakeribu hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Mtu aliyependa kuhesabu ushindi wake hivyo asingeuacha ushindi mkubwa kuliko yote.

Shahidi wa tatu ametoka kwenye Nile. Tirhaka ndiye wanaakiolojia wanayemwita Taharqa. Piramidi yake ndiyo kubwa kuliko zote za Nuri, kaskazini mwa Sudan, na ndani yake zilipatikana sanamu ndogo za mawe zaidi ya 1,000, zilizowekwa zimtumikie ahera. Mawe ya maandishi aliyoyasimamisha hekaluni Kawa yanaeleza kwamba akiwa kijana aliitwa kutoka Nubia aende kaskazini kwa mfalme, na kwamba alipanda kiti cha enzi baadaye. Kutawazwa kwake kunawekwa mwaka 690 KK, yaani miaka 11 hivi baada ya uvamizi wa Yuda.

Kwa hiyo mwaka 701 Tirhaka hakuwa bado mfalme. Wapo wanaoliita hilo kosa la Biblia. Wanazuoni wengi wanaona mwandishi alimpa cheo alichokuja kukipata, kama tunavyosema Rais Museveni alisoma Ntare ilhali siku hizo alikuwa mwanafunzi tu. Kinachothibitishwa na mawe ya Kawa ni kwamba Tirhaka aliishi, alikuwa Mkushi wa ukoo wa kifalme, na alikwenda kaskazini katika kizazi kilekile. Kuhusu malaika, mawe hayasemi lolote, na hakuna namna ya kuyalazimisha yaseme.

Handaki na vipimo vyake

Biblia inasema pia kwamba Hezekia alitengeneza birika na mfereji wa kuingiza maji mjini. Chini ya Yerusalemu liko handaki la mita 533 lililochongwa kwenye mwamba. Mwaka 1880 yalionekana ukutani mwake maandishi yanayoeleza jinsi makundi mawili ya wachimbaji, yaliyoanza kila moja upande wake, yalivyosikiana sauti na kukutana katikati. Hayamtaji mfalme yeyote, na baadhi ya wasomi walidai handaki ni la karne ya 2 KK.

Mwaka 2003 Amos Frumkin na wenzake walichapisha vipimo vyao katika jarida la Nature. Walichukua mabaki ya mimea yaliyonaswa kwenye lipu ya handaki wakayapima kaboni-14. Mmea ukifa huacha kupokea kaboni mpya, na kaboni-14 iliyomo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kipimo hicho kina udhaifu unaojulikana: kwa mimea ya kati ya mwaka 800 na 400 KK majibu hukaribiana sana, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha karne na karne. Ndiyo maana walipima pia, kwa urani na thori, mawe yaliyojijenga kwa matone ya maji darini. Mawe hayo yasingeanza kuota kabla handaki halijachongwa, kwa hiyo umri wake unaweka ukomo wa upande wa pili. Vipimo vyote viwili, pamoja na umbo la herufi za maandishi, vinaelekea kwenye miaka ya karibu na 700 KK. Enzi ya Hezekia inakaa humo bila kusukumwa.

Garstang wa Meroe, Garstang wa Yeriko

Agano Jipya nalo lina Mkushi wake. Matendo ya Mitume sura ya 8 inamtaja towashi aliyesimamia hazina ya Kandake, malkia wa Wakushi, akisoma Isaya garini hadi Filipo alipomfikia. Maandishi ya Meroe, mji mkuu wa Kushi wa siku hizo, yameonyesha kwamba Kandake kilikuwa cheo cha mabibi wakubwa wa ufalme, na kilishikwa na wengi. Desemba 1910 John Garstang wa Chuo Kikuu cha Liverpool alifukua huko kichwa cha shaba cha Kaisari Augusto, macho yake yakiwa yangali mazima. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila aingiaye amkanyage Kaisari. Towashi mwenyewe hajapatikana, lakini ufalme tajiri ulioweza kuwa na mtunza hazina umepatikana.

Garstang huyuhuyu alichimba Yeriko katika miaka ya 1930. Alipoona kuta zilizoanguka alitangaza kwamba ndizo alizoziangusha Yoshua, na makanisa yakafurahi. Kathleen Kenyon alirudi pale kati ya 1952 na 1958 akiwa na mbinu bora za kusoma tabaka za udongo, akaonyesha kuta zile zilianguka miaka kama 1,000 kabla ya zama ambazo Garstang alimweka Yoshua. Waliokuwa wamesimamisha imani yao juu ya kuta zile walibaki na kazi ya kuisimamisha upya.

Hamu ya kuthibitisha jambo haiwapofushi watetezi wa Biblia peke yao. George Reisner, Mmarekani aliyechimba Nuri, alikuwa amechimba Kerma, pia kaskazini mwa Sudan, kuanzia 1913 na kukuta makaburi makubwa ya kifalme. Hakuamini Waafrika weusi waliweza kuyajenga, akayahesabu kuwa ya magavana wa Misri. Ilihitajika miaka mingi ya uchimbaji wa Charles Bonnet wa Uswisi kuonyesha kwamba Kerma ulikuwa mji wa wafalme wa hapohapo. Mwaka 2003 timu yake ilifukua shimo lenye sanamu saba za wafalme wa Kushi zilizovunjwa vipandevipande. Taharqa alikuwamo.

Maswali ya kumuuliza anayekutumia video

Tirhaka, handaki na Kandake vinasimama kwa sababu kila kimoja kina majibu manne: nani alichimba, kilikuwa katika tabaka gani, kimepimwa umri kwa njia gani, na kiko wapi leo ili mwingine akikague. Magurudumu ya Farao hayana hata moja. Akiolojia inaweza kusema mfalme fulani aliishi, mji fulani uliungua, na lini. Kama Mungu ndiye aliyetenda, hilo si swali la koleo. Mhubiri anayeliomba koleo lijibu, na mpinzani anayedai limekwisha kukanusha, wote wanalidai lisichokuwa nacho.

Jambo hili la kujua kitu kilitoka wapi linagusa mpaka wa Koboko kuliko tunavyodhani. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa, na maofisa wa huko walisema malori yenye mali hiyo yalielekea magharibi na mipakani, hasa upande wa Sudan Kusini. Kitu cha Meroe kikifika sokoni bila kumbukumbu ya mahali kilipokuwa, hakiwezi tena kumtetea Kandake wala kumkana. Thamani yake yote ya ushahidi ilikuwa katika udongo uliokizunguka. Kwa hiyo mwenye kuipenda Biblia, sawa na mwenye kuipenda sayansi tu, akiuziwa sanamu ya zamani mpakani, asinunue, atoe taarifa.