Kabla ya Kulaumu Mkono, Tazameni Gia

Tunaingia katika maudhui ambayo huenda yakawastaajabisha wasomaji waliozoea kutusoma tukizungumzia nikaha, mirathi na malezi. Leo tunazungumzia mkono wa gia. Wala hatukutoka nje ya nyumba, kwani ni nyumbani maneno haya yalikoanzia.

Alitujia dada mmoja baada ya swala ya alasiri, akiwa amefuatana na kakake, na shauri lililomlemea. Mumewe ana Subaru Impreza, ile ya turbo, ya gia za mkono, aliyoinunua kwa jasho lake na anayeipenda kama kitinda mimba. Gari hilo ndilo liwapelekalo watoto shule, na ndilo limpelekalo mama mkwe kliniki. Kwa miezi kadhaa gia ya pili ilikuwa ngumu kuingia, na kila ilipokwaruza, mume alisema mkewe ana mkono mzito. Mwisho akauchukua ufunguo, na dada akarudi kwenye tuktuk na watoto watatu. Kisha akamsikia mume akiagizia mkono mfupi wa gia kutoka Japani, ule wa magari ya mashindano, na fedha alizozikusudia ni zile zilizowekwa kwa ajili ya karo ya muhula.

Alituuliza mambo mawili. La kwanza, je, hii si israfu? La pili alilisema kwa sauti ya chini: "Na je, Sheikh, ni kweli mimi ndiye niliyeliharibu?"

La kwanza tungeweza kulijibu pale pale barazani. La pili lilitushinda, kwani ujuzi wetu wa magari ulikomea kwenye kujaza petroli, na hakimu asiyelijua jambo hana haki ya kulihukumu. Tukamwita mume. Akaja kwa adabu, akasikiliza, akasema anachotaka ni gia iingie vizuri, basi. Tukakubaliana twende sote kwa fundi, mzee mmoja ambaye nywele zake zimepata mvi chini ya magari ya watu.

Vijana wa kwetu wanaijua Impreza bila kufundishwa. Ilianza kuuzwa mwaka 1992. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae alishinda nayo Safari Rally hapa Kenya, na mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akashinda kwa gari la jina hilo hilo. Aliyekuwa mtoto wakati huo leo ni baba wa watoto, na mapenzi hayajamtoka. Hatumlaumu. Kila kizazi kina jahazi lake.

Fundi hakufungua hata nati moja. Alimwambia mume azime injini, akanyage klachi hadi chini, kisha aingize gia moja baada ya nyingine. Halafu awashe, afanye vile vile gari likiwa limesimama. Akatueleza hesabu yake. Gia ikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, kwa kawaida ubaya uko kwenye mkono na viungo vyake. Ikiwa laini injini ikizimwa, na ngumu ikiwashwa, basi itazamwe klachi, kwa maana huenda haiachi sawasawa. Gia ya kwanza na ya kurudi nyuma pengine hugoma kidogo gari likiwa limesimama, na hilo si ugonjwa. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na mama yeyote aweza kulifanya uani kwake.

Kisha fundi akasema, "Bibi naye akae, tuone." Dada akaketi, akakanyaga klachi, na gia ya pili ikamgomea kama ilivyomgomea mumewe, si zaidi wala si chini. Hapakuwa na aliyesema neno.

Gari hili lilikuwa na maradhi mawili kwa pamoja. Mkono, hata ukiwa ndani ya gia, ulicheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Na injini ilipowashwa, ugumu ulizidi.

Tuelezane kidogo ulegevu huo unatoka wapi. Katika gari dogo la michezo kama Mazda MX-5, mkono wa gia husimama moja kwa moja juu ya sanduku la gia, na ndiyo sababu madereva huusifu kwa utiifu wake. Katika magari mengi ya familia, ambayo injini yake imelazwa kwa upana, mkono husukuma na kuvuta nyaya ndefu. Impreza ina njia yake. Mkono umekaa nyuma ya sanduku, na kati yao kuna fimbo ya chuma yenye kiungo mbele, na mhimili wa pili unaoushikilia mkono usitangetange. Penye maungio hayo pana bushi, nazo ni pete za mpira au plastiki zinazozuia chuma kugonga chuma. Joto la chini ya gari, mafuta na vumbi huzila. Bushi moja ikilika kidogo huisikii. Zikilika nne, mkono hauji tena na habari za kweli.

Kina mama wataelewa upesi tukiwakumbusha mbuzi ya kukunia nazi ambayo chuma chake kimelegea. Mkunaji hodari akikalia mbuzi hiyo atachoka kabla ya kifuu cha kwanza, nazi itatoka vipande vipande, na aliye chumbani atasema huyu hajui kukuna. Kumbe ni msumari mmoja. Nahodha naye anajua khabari ya kana ya usukani iliyolegea tunduni mwake, jinsi inavyomfanya azungushe mara mbili kwa jambo la mara moja.

Fundi aliingia chini ya gari akatoka na bushi mbili kiganjani, moja imepasuka, nyingine imekuwa duara la yai. Mauntini ya nyuma ya sanduku la gia nayo ilikuwa imechanika, kwa hiyo kila gari lilipovutwa kwa nguvu sanduku zima liliinuka, na mkono ukainuka nalo.

Ikafuata oili. Iliyotoka ilikuwa nyeusi. Mzee aliipitisha kwenye kitambaa cheupe, akitafuta vipande vya chuma, asivione, akamhimidi Mola wake kwa sauti. Hapa kuna jambo ambalo wengi hukosea. Ndani ya sanduku mna pete za shaba ziitwazo sinkronaiza. Kazi yake ni kusugua kidogo ili kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla ya meno kukutana. Oili ikichoka au isipofaa, msuguano huo huharibika, na meno hukutana kwa ugomvi, nao ndio ule mkwaruzo. Impreza ya gia tano hubeba kiasi cha lita 3.5, na sanduku lake linashirikiana oili na difu ya mbele, kwa hiyo hutaka daraja la GL-5. Mazda tuliyoitaja sanduku lake limetengwa na difu, na wanaoitunza hulipa GL-4, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 huweza kuila shaba au kuziponza pete hizo kwa utelezi. Basi asije mtu akanunua oili kwa sababu jirani amenunua. Kitabu cha gari kipo, kisomwe.

Mafuta ya klachi nayo yalibadilishwa na hewa ikatolewa kwenye bomba. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa mnaijua. Yakichakaa au yakiingiwa na hewa, unakanyaga hadi chini lakini klachi haiachi yote.

Fundi akiwa anajifuta mikono alimwuliza mume swali lililotushtua: "Bwana, ukiwa njiani mkono wako wa kushoto hukaa wapi?" Mume akatabasamu, akasema hukaa juu ya gia, ndivyo alivyozoea. Mzee akatikisa kichwa. Ndani ya sanduku, mkono wa gia unasukuma uma wa chuma, na uma huo hugusa kola inayozunguka kwa kasi. Uma umeumbwa uguse kwa nukta moja ya kubadilisha gia, kisha upumzike. Mkono wa dereva ukikaa juu yake kutwa, hata kwa uzito mdogo, uma hausalimiki na msuguano. Na foleni ya Likoni, akauliza, huwa unangoja vipi? Mume akasema huweka gia ya kwanza na kukanyaga klachi, ili kivuko kikifunguliwa awe tayari. Hilo nalo huila beringi ya klachi. Anayengoja aweke huru, ainue mguu.

Mume alisikiliza yote mawili bila kujitetea. Tuliliheshimu hilo.

Ukabaki ule mkono mfupi wa Japani. Fundi hakuudharau. Mkono wa gia ni wenzo uliokaa juu ya egemeo. Ukiongeza urefu wa chini ya egemeo, au ukipunguza wa juu, kiganja kitasafiri masafa madogo, na gia itaingia kwa haraka ya kupendeza. Lakini kinachopungua katika masafa huongezeka katika nguvu. Mkono mfupi ni mzito zaidi kuusukuma, na dereva mwenye pupa akiulazimisha, zile pete za shaba ndizo zinazolipa. Ukiufunga juu ya bushi zilizolika, umenunua ulegevu mfupi badala ya ulegevu mrefu. Zipo pia bushi za plastiki ngumu, ambazo huufanya mkono kuwa imara mno, ila huleta mtetemo na kelele ndani ya gari, na mama mkwe aendaye kliniki hazihitaji. Kuna na vile vichwa vizito vya chuma vinavyofungwa juu ya mkono. Uzito wake husaidia gia kuingia kwa ulaini. Gari likiachwa juani saa saba mchana hapa kwetu, atakayekishika kwanza atajua alichonunua.

Kuhusu israfu, hatukusema kwamba kupenda gari ni dhambi, wala kwamba raha ya gia inayoingia vizuri ni upuuzi. Kuitengeneza amana irudi katika uzima wake ni katika itqani, nayo yapendeza kwa Mola wetu. Tulichomwambia mume ni kwamba karo na masurufu ni haki za watu juu ya shingo yake, na haki ya mtu hailipii pambo. Bushi, oili, mauntini na kazi ya fundi, vyote kwa jumla, havikufika robo ya bei ya mkono mfupi. Na jambo la mkewe tulilitenga, tukalisema peke yake: tuhuma bila ya kuchunguza ni dhuluma, hata ikiwa ni juu ya gia ya pili.

Kazi ilimalizika kabla ya magharibi. Mume alijaribu gari, akarudi na uso uliobadilika, akazima, akateremka. Akamwendea mkewe mbele ya kakake na mbele yetu, akampa ufunguo, akasema, "Mama watoto, niwie radhi. Tafadhali endesha wewe." Yeye akakaa upande wa abiria, mikono yote miwili magotini. Tulisimama na fundi tukawatazama wakipanda kilima kidogo cha pale gereji. Gia ya pili iliingia bila sauti.

Karo ya muhula imelipwa. Mkono mfupi mume angali anautaka, na mkewe amemwambia wataulizana tena mwakani.