Wana Wawili Kaburini kwa Ibrahimu

Kitabu cha Mwanzo kinasema Ibrahimu alifariki akiwa na miaka 175, akazikwa na wanawe wawili, Isaka na Ishmaeli, katika pango la Makpela, huko Hebroni. Habari hiyo ni fupi, na wasomaji wengi huipita. Tupige hesabu. Ishmaeli alizaliwa baba yake akiwa na miaka 86, Isaka akiwa na miaka 100. Waliosimama kaburini, basi, ni wazee wawili: mmoja wa miaka 89, mwingine wa miaka 75. Ishmaeli alikuwa ameondolewa nyumbani zamani sana pamoja na mama yake, Hajiri, na tangu siku ile kitabu hakielezi popote kwamba ndugu hao walionana. Msiba ndio uliowakutanisha.

Sote tunajua kwamba matanga yakishaanuliwa, neno la mirathi halikawii. Ibrahimu aliacha nini? Ardhi ilikuwa ndogo. Aliahidiwa nchi nzima, lakini kipande alichonunua huko Hebroni kilikuwa shamba lenye pango, ili amzike mkewe Sara. Efroni Mhiti alisema atampa bure; Ibrahimu akakataa, akampimia shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Urithi mkubwa aliouacha ni yeye mwenyewe: jina lake, ahadi aliyopewa, na namna alivyomwamini Mungu. Huo ndio urithi ambao Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanasema ni wao.

Na hapo pana swali gumu. Ibrahimu aliishi kabla. Kabla ya Musa kupewa Torati, kabla ya Yesu kuzaliwa, kabla ya Mtume Muhammad kuteremshiwa Qur'ani. Mtu aliyetangulia dini yako anakuwaje baba wa dini yako? Kila upande umelijibu swali hili kwa makini, na majibu yao yanatufundisha kuliko ile kauli ya haraka kwamba sote ni wana wa baba mmoja.

Wayahudi humfikia kwa njia ya agano na uzao, kupitia Isaka na Yakobo. Alama yake ni tohara ya siku ya nane. Kuhusu lile kabla, walimu wao waliokusanya mafundisho katika Mishna walisema Ibrahimu aliishika Torati yote hata ilipokuwa haijatolewa. Hata hivyo, damu si mlango pekee. Mtu anayeingia katika dini ya Kiyahudi huitwa mwana wa Ibrahimu. Katika karne ya 12 mwongofu aitwaye Obadia alimwandikia mwanachuoni Maimonides akiuliza kama ana haki ya kusali akimtaja Mungu kuwa Mungu wa baba zetu. Maimonides alimjibu kwamba anayo haki hiyo kamili, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayefuata njia yake.

Mtume Paulo alishika ncha nyingine ya neno lile lile. Katika waraka kwa Warumi anafuata mpangilio wa matukio. Ibrahimu alihesabiwa haki kwa imani katika sura ya 15 ya Mwanzo. Agizo la tohara linakuja sura ya 17, akiwa na miaka 99. Kwa kuwa imani ilitangulia alama, Paulo anasema, Ibrahimu ni baba pia wa wasiotahiriwa. Yakobo mwingine, katika waraka wake, naye anamchukua mzee huyo huyo kuonyesha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Agano Jipya lenyewe, basi, lina usomaji zaidi ya mmoja.

Qur'ani, katika Sura Al-Imran, inawakumbusha Watu wa Kitabu kwamba Taurati na Injili viliteremshwa baada ya Ibrahim. Kwa hiyo hakuwa Myahudi wala Mkristo, bali hanifu, mwongofu aliyemwelekea Mungu mmoja na kunyenyekea kwake. Ndiye aliyeinua misingi ya Al-Kaaba pamoja na Ismail, yaani Ishmaeli. Ndiyo maana Waislamu humtaja ndani ya swala, wanapomswalia Mtume katika tahiyatu.

Ukiyaweka majibu haya pamoja, utaona Paulo na Qur'ani wanajenga hoja juu ya jiwe moja, yaani wakati, kisha kila mmoja anafika kwake. Tofauti hizo ni za kweli, na kuzifunika hakumheshimu yeyote. Hata tukio la kafara, Ibrahimu alipoagizwa kumtoa mwanawe sadaka, limesomwa mbalimbali. Mwanzo inamtaja Isaka. Qur'ani, katika Sura As-Saffat, haimtaji mtoto kwa jina. Waislamu wengi husema ni Ismail, ingawa mfasiri mkubwa At-Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliegemea upande wa Is-haka. Kutokana na tukio hilo Wayahudi wana somo la Rosh Hashana, Wakristo wana kivuli cha msalaba, Waislamu wana Idi ya kuchinja.

Hebroni yenyewe inaonyesha gharama ya mirathi inapogombewa kwa mabavu. Juu ya pango pana kuta kubwa za mawe za enzi za Herode. Ndani yake pamekuwa kanisa, kisha msikiti, kisha kanisa la wapiganaji wa msalaba, kisha msikiti tena. Tangu karne ya 13 Wayahudi walizuiwa wasipite ngazi ya saba ya nje, mpaka mwaka 1967. Mwaka 1929 Wayahudi 67 waliuawa mjini humo. Mwaka 1994, katika Ramadhani, Myahudi mwenye siasa kali aliwapiga risasi na kuwaua Waislamu 29 wakiwa katika swala ndani ya jengo hilo hilo. Sasa limegawanywa, kila upande na mlango wake, chini ya ulinzi wa askari. Kwa Kiarabu mji huo unaitwa Al-Khalil, yaani Rafiki, kwa sababu vitabu vya dini zote tatu vinamwita Ibrahimu rafiki wa Mungu.

Turudi kwa wale wazee wawili. Mwanzo inaeleza kwamba kabla ya kufa Ibrahimu alikwishampa Isaka vyote alivyokuwa navyo. Mirathi ilikuwa imefungwa. Hata hivyo Ishmaeli yupo pangoni, na jina lake limeandikwa sambamba na la mdogo wake. Kitabu hakisemi kwamba alidai kitu, wala hakisemi kwamba Isaka alimsimamisha kwenye ngazi. Kinasema walimzika baba yao.