Mdaiwa Hayupo, Kesi Inaendelea

Wapo wanaoamini kwamba mume akigoma kufika mahakamani, kesi ya talaka imeishia hapo. Imani hiyo imewafunga wanawake wengi kwenye ndoa zilizobaki jina tu, na mjini Babati ina mazingira ya kuikuza. Huu ni mji wa njia panda. Barabara ya Arusha kwenda Dodoma na ile ya Singida zinakutana hapa, na mwanamume anayekwenda kubahatisha tanzanite Mirerani au kutafuta kibarua Dodoma anaweza kukaa miaka asirudi wala kupiga simu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikumpa mtu kama huyo nguvu ya kuzuia talaka kwa kujificha. Kwa kawaida mgogoro huanzia baraza la usuluhishi, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha wanandoa hutoa hati inayojulikana kama Fomu Na. 3, na shauri lifunguliwe kabla hati hiyo haijapitisha miezi 6. Lakini kifungu cha 101 kinamruhusu mlalamikaji kwenda mahakamani bila hati hiyo ikiwa ametelekezwa na hajui mwenzake aliko, ikiwa mwenzake yuko nje ya nchi na haelekei kurudi ndani ya miezi 6, au ikiwa aliitwa barazani akakaidi makusudi.

Njia hiyo isigeuzwe mkato. Mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikiketi Mtwara ilifuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu ya kasoro ya hati ya baraza. Wahusika walikuwa wameshapanda ngazi zote za mahakama.

Kazi kubwa ni wito. Mpeleka samansi anayekwenda Maisaka au Bagara humtafuta kwanza mwenyekiti wa mtaa, kisha hugonga mlango. Mdaiwa akikataa kusaini, mpelekaji huandika hivyo, anataja aliyeshuhudia, na karatasi hiyo inarudi kwenye jalada. Asipoonekana kabisa, mahakama inaweza kuruhusu wito ubandikwe kwenye nyumba aliyoishi mara ya mwisho au utangazwe gazetini. Karatasi hiyo ya mpelekaji inaonekana ndogo, lakini ndiyo hakimu atakayoishika kabla ya kuamua kusikiliza upande mmoja.

Hata hapo, kiti kitupu hakimpi mdai ushindi wa bure. Hakimu bado atataka cheti cha ndoa au mashahidi walioiona ikifungwa, na ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Anayedai kutelekezwa huulizwa muda, maana sheria inazungumzia miaka 3 au zaidi. Jirani anayeweza kueleza ni msimu gani wa mavuno baba yule alionekana mara ya mwisho ana thamani kubwa kuliko ndugu kumi waliokuja kulalamika.

Kwenye mali, asiyefika ndiye anayeumia zaidi. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Mke atasema walilimaje shamba la mpunga Magugu na nyumba ilijengwaje. Wa kumpinga hayupo.

Akizinduka baadaye, katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 30 za kuomba hukumu itenguliwe, tena kwa sababu ya msingi. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya wilaya halazimiki tena kusafiri zaidi ya kilomita 160 hadi Arusha, kwa kuwa Mahakama Kuu sasa ina masjala ndogo ya Manyara hapa hapa Babati. Hayo ni mafanikio ya kweli kwa mtu anayehesabu nauli.

Kinachobaki kigumu ni matunzo ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mama kuyadai, na mahakama inaweza kuyaamuru baba akiwa hayupo. Ila amri hiyo hutekelezwa kwa mshahara, mifugo au mali inayojulikana ilipo, na mchimbaji anayehama shimo hadi shimo hana hata kimoja ambacho dalali wa mahakama anaweza kukishika.