Je, Wajua? Ulimi Huweza Kuyapinda Tena Meno Yaliyonyooshwa

Meno yaliyonyooshwa kwa waya huweza kupinda tena iwapo ulimi unaendelea kuyasukuma mtu anapomeza. Mwaka 1918 Alfred Paul Rogers, daktari wa kupanga meno wa Boston, Marekani, alihimiza misuli ya uso na kinywa ifanyishwe mazoezi sambamba na matibabu ya kunyoosha meno. Madaktari wa meno wanaosomea tiba hii ya mazoezi hufunzwa kwanza kuchunguza: je, midomo hufungika mtu akitulia? Hupumua kwa pua? Ulimi hutua wapi? Mwenye pua iliyoziba hupelekwa kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwani mazoezi pekee hayatamzibua pua. Ndipo mgonjwa, mara nyingi mtoto, hujizoeza kuegemeza ulimi kwenye kaakaa na kumeza bila kuyasukuma meno ya mbele.