MADA: KRASTESHIA WACHANGA WA PWANI HUTUA WAPI, NA KWA NINI?

Utangulizi

Huenda wewe unayesoma Tarime au Serengeti hujawahi kuona bahari, lakini kaa unamfahamu. Jike wa kaa wa mito yetu hubeba mayai chini ya tumbo. Watoto wakianguliwa huwa tayari na umbo la kaa, na hubaki katika mto uleule wa mama yao.

Kaa wa baharini ni tofauti. Mtoto wake huanguliwa akiwa lava asiyefanana kabisa na mama, na maji humchukua mbali. Hivyo ni lazima arudi pwani na kupata sehemu ya kutua. Kambamiti na kambakoche nao wana safari kama hiyo.

1. Safari ya lava

(a) Kaa wa mikoko (Scylla serrata): Jike huondoka kwenye mikoko na kwenda baharini, ambako mayai huanguliwa. Lava hujivua gamba mara kadhaa katika hatua ya zoea, kisha huwa megalopa, hatua ya kutua.
(b) Kambamiti: Hutaga baharini. Baada ya wiki 2 hadi 3 hivi, lava huwa kamba mchanga na kuelekea kwenye milango ya mito.
(c) Kambakoche: Lava wake ni bapa kama jani, na huelea kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi pwani.

Lava hana nguvu ya kushindana na mkondo. Anarudije? Kamba mchanga hupanda juu maji yanapojaa, akasukumwa kuelekea pwani. Maji yanapopwa hushuka chini, ambako mkondo ni dhaifu, asirudishwe baharini.

2. Makazi ya kutua

(a) Tope la mikoko: kaa wa mikoko na aina nyingi za kambamiti. Tope lina chakula na ni rahisi kujifukia. Mizizi huzuia samaki wakubwa.
(b) Nyasi za baharini: kambamiti aina ya Penaeus semisulcatus. Majani humficha.
(c) Miamba: kambakoche wachanga. Hujibanza kwenye matundu yanayolingana na miili yao.
(d) Mchanga mtupu: wachache, kwa kuwa maficho ni haba.

3. Walichagua au walisalia?

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Ukikuta kamba wengi kwenye nyasi na wachache kwenye mchanga, usikimbilie kuandika kwamba "walichagua nyasi". Huenda walitua kote kwa usawa, kisha wa mchangani wakaliwa na samaki.

Ili kujua ukweli, fanya jaribio. Weka trei za nyasi na trei za mchanga baharini. Nusu ya kila aina zifunike kwa wavu unaopitisha lava lakini unaozuia samaki. Baada ya muda, hesabu.
• Tofauti ikionekana kwenye trei zisizofunikwa tu, sababu ni kuliwa.
• Tofauti ikionekana hata chini ya wavu, lava wenyewe walichagua.
Mara nyingi sababu zote mbili hufanya kazi pamoja.

4. Umuhimu kwa taifa

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Tanzania, na maji yaliyo karibu nayo ni eneo muhimu la uvuvi wa kambamiti. Mikoko ikikatwa kwa ajili ya nguzo au mashamba ya mpunga, lava bado watafika na maji yakijaa, lakini watakosa maficho. Wachache watakua na kurudi baharini, na mvuvi asiyewahi kukata hata mti mmoja atavuta wavu mtupu. Kulinda kamba wakubwa bila kulinda makazi ya wachanga ni kazi nusu.

Kumbuka: Idadi ya wachanga hutegemea mambo matatu: wangapi wamefika, wametua wapi, na wangapi wamesalia.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti moja kati ya ukuaji wa kaa wa mtoni na wa baharini. (alama 2)
2. Eleza jinsi kamba mchanga anavyotumia maji kujaa na kupwa. (alama 4)
3. Katika jaribio, trei zilizofunikwa zilikuwa na kamba 40 kwenye nyasi na 39 kwenye mchanga. Zisizofunikwa, 35 na 6. Toa hitimisho na sababu. (alama 4)