Wanaofuga sisimizi sebuleni

Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12 jela, kwa kosa lililowachekesha wengi kabla ya kuwashtua: kukutwa na sisimizi. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walinaswa Naivasha wakiwa na sisimizi 5,000 hivi, malkia wakiwemo, ndani ya tyubu za maabara zilizozibwa kwa pamba.

Mtu anunue sisimizi wa nini, na huku jikoni kwetu tunawafagia? Huko Ulaya na Asia wapo wanaowafuga kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo. Marekani mchezo huu ulivuma tangu 1956, Milton Levine alipoanza kuuza kijisanduku cha plastiki angavu chenye mchanga ndani. Sisimizi wake walikuja bila malkia, kwa hiyo walichimba, wakazeeka, wakaisha. Mfugaji wa leo huanza na malkia, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo.

Mvua ikishanyesha, sisimizi wenye mabawa hutoka shimoni kwa wingi kwenda kupandana angani. Madume hufa muda si mrefu. Jike hutua, huyakata mabawa yake mwenyewe na kutafuta pa kujificha. Mfugaji humtia kwenye tyubu: maji kidogo upande mmoja, pamba ya kuyazuia, yeye katikati, pamba nyingine mlangoni, kisha kabati lenye giza. Malkia wa aina nyingi hali chochote. Misuli iliyokuwa ikiendesha mabawa huyeyuka mwilini, na ndiyo inayolisha mabuu ya kwanza. Ukimchungulia kwa mwanga mwekundu, ambao sisimizi wengi hawauoni vizuri, utamkuta ameyarundika mayai yake pamoja, akiyalamba moja moja. Vibarua wa kwanza huzaliwa wadogo mno, maana wamelelewa kwa njaa. Lakini wakishatoka kutafuta chakula, kazi ya mama inabaki kutaga tu. Anaweza kuishi miaka mingi. Malkia mmoja wa aina ya Lasius niger aliishi kifungoni zaidi ya miaka 28. Mbwa wangapi hufika huko?

Waliokuwa wakisafirishwa kutoka Naivasha ni Messor cephalotes, jamii kubwa yenye vichwa vyekundu. Hawa huvuna mbegu za nyasi, huzikoboa na kuzitafuna hadi ziwe kama unga uliokandwa, kisha makapi huyatupa nje ya shimo. Kwa mfugaji aliyezoea sisimizi wadogo wa kwao, huyu ni kipenzi cha kujivunia, na ndiyo sababu bei yake ilipanda.

Waliocheka kesi ile, kwa maoni yangu, hawakupiga hesabu. Malkia mmoja akichukuliwa, kundi zima lenye maelfu halitazaliwa, na udongo uliokuwa ugeuzwe na mbegu zilizokuwa zisambazwe hupotea naye. Isitoshe, akitoroka ugenini anaweza kuwa balaa kwa viumbe wa huko.

Mtoto wako akitaka kuwatazama, hahitaji malkia wala tyubu. Chukua chupa ya jemu, ujaze udongo wa uani wenye unyevu kidogo, utie vibarua wachache wa shimo moja na tone la maji ya sukari kwenye pamba. Funika kwa kitambaa chepesi, uzungushie karatasi nyeusi. Ukiiondoa baada ya siku chache utaona njia walizochimba zikipita ubavuni mwa kioo. Siafu na majimoto usiwaguse, watakung'ata kabla hujawatazama. Usichanganye sisimizi wa mashimo mawili, watauana. Na ukimaliza, warudishe kwenye shimo lilelile ulikowatoa, kwa kuwa kundi jingine halitawapokea.